Kuvisha, Kuwamba au Kugandisha: Kuchagua Njia ya Kuunda Kiti cha Kufumwa cha Kuguswa

Katika sebule nyingi za Tanzania na Kenya, ufumaji na kiti vilikwisha kukutana zamani. Vitambaa vya kroshia hutandazwa kwenye migongo na mikono ya makochi, hufuliwa na kupigwa pasi, na mgeni mwenye adabu anayetaka kuegemea hukisogeza kwanza pembeni kitambaa hicho ili asikikunje. Kiti kinachozungumziwa hapa ni kinyume cha hicho. Ni kiti kinachofumwa ili kishikwe, kipapaswe, kivutwe na kukaliwa, na ambacho hakijakamilika kama kazi ya sanaa mpaka pawe na mtu aliyekigusa. Msanii anayekusudia kukitengeneza, iwe ni kwa ajili ya jumba la sanaa, maktaba ya watoto, au chumba cha hisia katika shule yenye wanafunzi wasioona au wenye usonji, atakabiliwa na uamuzi mmoja ulio mkubwa kuliko mingine yote: je, ufumaji utakivisha kiti kilichokwisha kuwapo, utawambwa kwenye kiunzi ili wenyewe ubebe uzito wa mkaaji, au utagandishwa kwa gundi mpaka ugeuke kuwa kiti? Rangi, aina ya uzi, mishono na hata vihisi vya umeme hufuata baada ya hapo, kwa kuwa kila njia kati ya hizo tatu huruhusu mambo fulani na kuyakataa mengine.

Mwili kwanza, mishono baadaye

Kipimo cha kulinganishia njia hizo si uzuri wa mishono bali ni ngozi itakayoigusa, na ngozi ya binadamu haihisi kwa kiwango kimoja mwili mzima. Ncha za vidole huweza kutofautisha nukta mbili zilizoachana kwa milimita 2 au 3 tu, kiganja huhitaji takriban sentimita 1, ilhali mgongo na mapaja huhitaji nukta hizo ziachane kwa takriban sentimita 4 ndipo mtu ahisi kwamba ni mbili wala si moja. Kwa mfumaji, maana ya tofauti hiyo ni kwamba vinundu vidogo vilivyobanana, ambavyo vinapendeza sana kwa macho na kwa vidole, vikiwekwa kwenye egemeo la mgongo huhisiwa kama bapa moja lisilo na habari. Mgongo unataka mambo makubwa: misuko minene kama mkono wa mtoto, matuta yaliyoachana, mashimo makubwa ya kupitisha hewa. Ufumaji wa kina, wenye herufi, mistari na michoro ya kufuatwa kwa kidole, mahali pake ni kwenye ncha za mikono ya kiti, pale ambapo vidole hutua vyenyewe mtu anapokaa.

Aidha, ngozi yenye vinyweleo, kama ile ya kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono, ina neva za aina yake zinazoitikia zaidi mpapaso wa polepole, wa kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na neva hizo huhusishwa zaidi na hisia ya kutulia kuliko na kazi ya kutambua umbo la kitu. Kwa hiyo mkono mmoja wa kiti unastahili kugawanywa mara mbili: sehemu ya mbele iwe ya vidole, na sehemu ya nyuma, ambako mkono hulala, iwe laini, yenye manyoya au vitanzi virefu vinavyolala upande mmoja. Anayekosa kufanya mgawanyo huu hupata kiti ambacho kimefumwa kwa jitihada kubwa kila mahali, lakini ambacho mgeni hukikalia dakika mbili na kuondoka.

Kuvisha kiti kilichopo

Njia yenye hatari ndogo kuliko zote ni kuvisha. Huchukuliwa kiti cha zamani cha mbao chenye mikono, fundi wa makochi hukaza viungo vyake na kubadilisha sponji, kisha juu ya sponji hushonwa kitambaa cha marekani ambacho ndicho kitakachoshikilia ufumaji. Kazi yenyewe hufumwa kwa vipande, yaani mgongo peke yake, kikalio peke yake, mikono na miguu, na kila kipande hufungwa kwa vifungo au kwa kamba badala ya gundi, ili kiweze kuvuliwa, kufuliwa na kubadilishwa. Uzito wa mkaaji hubebwa na mbao, hivyo mfumaji anakuwa huru kabisa katika uchaguzi wa uzi na wa mshono: anaweza kutumia uzi dhaifu, mashimo makubwa, au kamba zinazoning'inia, bila kuogopa kwamba mtu ataanguka.

Udhaifu wake ni kwamba mguso huishia juu juu. Mkono ukibonyeza hukutana na mbao upesi, na mwili mzima hauitikiwi na chochote. Dawa ya tatizo hilo ni kuutafuta utofauti chini ya ufumaji na si juu yake tu. Chini ya kipande kimoja huwekwa sponji ngumu, chini ya kingine sponji laini, chini ya cha tatu pamba ya msufi ambayo hubonyea na kubaki imebonyea kwa muda, na chini ya cha nne mfuko wa punje za mtama zinazokimbia chini ya vidole. Kwa maoni yangu, hatua hii hupuuzwa na wengi kwa sababu haionekani kwenye picha, ilhali ndiyo inayokitofautisha kiti cha kuguswa na kiti kilichovalishwa sweta.

Jambo jingine ambalo kuvisha hulifanya vizuri kuliko njia nyingine ni kuongeza viungo vya ziada. Mikono ya sweta yaweza kushonwa kwenye ubavu wa kiti, ili mkaaji aingize mikono yake na kujikumbatia ndani yake. Wazo la mbano wenye kutuliza lina historia yake: mwaka 1965 Temple Grandin wa Marekani, ambaye mwenyewe ana usonji na ambaye baadaye alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa mifugo, alijitengenezea mashine ya mbao ya kubana mwili, baada ya kuona jinsi ng'ombe walivyotulia walipobanwa kwenye kizuizi cha chanjo. Ufumaji wa mbavu, ule unaotumika kwenye pindo za masweta ili uvutike na kurudi, hutoa mbano wa aina hiyo kwa upole, na mkaaji mwenyewe ndiye anayeamua aingie kiasi gani na atoke lini. Sharti hilo la mwisho halina mjadala, kwa kuwa mbano ambao mtu hawezi kuutoka ni adhabu.

Kuwamba kwenye kiunzi

Katika njia ya pili, mbao za kikalio na za egemeo huondolewa kabisa na ufumaji huwambwa kwenye kiunzi, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Fikra yenyewe si ngeni katika pwani yetu. Kitanda cha kamba huwambwa, na kiti cha enzi cha Lamu, Mombasa na Zanzibar kina kikalio na egemeo vilivyosukwa kwa nyuzi ndani ya fremu ya mbao nyeusi. Tofauti ni kwamba nyuzi za kiti cha enzi zimesukwa zikakazwa ili zisitoe, ilhali ufumaji wa vitanzi hutoa kwa asili yake: kila kitanzi hubadilika umbo kinapovutwa, na vitanzi maelfu vikibadilika kwa pamoja, kiti humpokea mkaaji, humfuata anapogeuka, na hurudi anaponyanyuka. Kati ya njia zote tatu, ni kuwamba tu kunakofanya kiti kijibu.

Mifano mikubwa ya kazi za namna hii iko kwenye viwanja vya watoto kuliko kwenye samani. Toshiko Horiuchi MacAdam, msanii wa nyuzi mzaliwa wa Japani, alikuwa akionyesha kazi zake katika majumba ya sanaa mpaka siku ambayo watoto waliingia na kuanza kupanda ndani ya mojawapo, na kuanzia hapo akaelekeza kazi yake kwenye nyavu za kroshia ambazo watoto hupanda, huruka na kubembea. Kazi yake iliyo katika jumba la makumbusho la wazi la Hakone nchini Japani, ndani ya banda la mbao lililokamilishwa mwaka 2009, imefumwa kwa mkono kwa nailoni, na uchaguzi huo wa nailoni hautokani na bei bali na nguvu: ni uzi unaovutika, unaorudi, na usiokatika kirahisi kwa msuguano. Huko Marekani, Sean Ahlquist wa Chuo Kikuu cha Michigan alichukua njia ya mashine. Nguo zake za kufumwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta huwambwa kwenye fito za faiba zinazopinda, na zilianzia kwenye haja ya binti yake mwenye usonji ambaye alihitaji mahali pa kusukuma, kuegemea na kujiviringisha. Mtoto anapobonyeza kitambaa, kamera inayopima kina husoma jinsi kilivyozama, na rangi au picha zinazoangazwa juu yake hubadilika kulingana na nguvu ya msukumo.

Kuwamba kunadai nidhamu ambayo kuvisha hakuidai. Ufumaji huvutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, hivyo safu za vitanzi zinapaswa kuelekezwa kutoka boriti ya juu ya kiunzi hadi boriti ya mbele ya kikalio, ili uzito mkubwa ubebwe na upande usiotoa sana. Kiunzi cha mbao nyembamba huvutwa ndani na mvutano huo mpaka kikapinda, kwa hiyo ni afadhali kumwendea fundi wa kuchomelea na kuagiza kiunzi cha mabomba ya chuma yaliyolainishwa kila pembe, kwa sababu ukali mdogo tu wa chuma hukata uzi polepole mahali pasipoonekana. Tena, ufumaji uliowambwa huendelea kulegea kwa siku kadhaa za mwanzo. Kikalio cha mtu mzima hukaa kwenye kimo cha takriban sentimita 45 kutoka sakafuni. Ikiwa kinazama kwa sentimita 6 kinapokaliwa, basi hapana budi kiwambwe kwenye kimo cha juu zaidi, la sivyo wazee watashindwa kunyanyuka.

Jaribio linalofaa halihitaji maabara. Mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 hupakiwa kwenye kikalio kwa usiku mzima, na umbali kati ya kikalio na sakafu hupimwa kabla ya mzigo, wakati wa mzigo, na saa moja baada ya mzigo kuondolewa. Kisichorudi karibu na pale kilipoanzia hakijawa tayari kwa umma. Na hata kinachorudi hakijathibitika vya kutosha, kwa kuwa mtu anayejitupa kitini huongeza nguvu inayozidi uzito wake kwa mbali; kwa sababu hiyo, chini ya ufumaji unaoonekana hupaswa kupitishwa mikanda ya nailoni iliyolegezwa kidogo, isiyofanya kazi siku za kawaida, lakini inayomdaka mkaaji endapo kitanzi kitakatika.

Kugandisha

Njia ya tatu ina mfano mmoja uliofahamika dunia nzima. Mwaka 1996 mbunifu wa Uholanzi Marcel Wanders alichukua kamba ya aramidi, nyuzi za kiwandani zenye nguvu nyingi, yenye kiini cha kaboni, akaifunga mafundo kwa mkono hadi ikawa umbo la kiti lililolegea, akailowesha kwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, kisha akaining'iniza ili uzito wake wenyewe uipe umbo wakati inakauka. Kilichopatikana ni kiti ambacho jicho linakiona kama wavu utakaoporomoka ukiukalia, lakini kinambeba mtu mzima. Ni mafundo na si ufumaji wa vitanzi, ila somo lake ni lile lile, na ufumaji wa kroshia hugandishwa kwa namna hiyo hiyo.

Kama kazi ya kutazamwa, njia hii inashinda. Kama kazi ya kuguswa, ninaiweka ya mwisho. Epoksi hujaza nafasi kati ya nyuzi, hivyo umbo la kitanzi hubaki lakini joto na ulaini wake hupotea, na kidole hukutana na kitu kinachofanana na plastiki yenye matuta. Gundi hiyo, kabla haijakauka, hudhuru ngozi na mapafu, na hudai glavu, barakoa yenye kichujio cha mvuke na chumba chenye hewa ya kutosha. Ikianikwa juani kwa muda mrefu bila varnishi maalumu, hugeuka kuwa ya manjano. Hata hivyo, panapohitajika kiti cha nje, kitakachoguswa na maelfu ya watu na kupangushwa kwa kitambaa chenye sabuni, hakuna njia nyingine kati ya hizi tatu itakayodumu. Pia kuna uwezekano mmoja mzuri wa kuchanganya: miguu na fremu zigandishwe kwa epoksi, kikalio kiachwe laini, ili mkono ukipita kutoka sehemu moja hadi nyingine ukutane na mshono ule ule ukiwa katika hali mbili.

Sindano mbili, kroshia, au mashine

Wafumaji wengi watachagua kile walichokizoea, na hilo si kosa. Hata hivyo, tofauti zina uzito wake. Ufumaji wa sindano mbili huvutika sana, ni mwepesi, na misuko yake mikubwa haina mpinzani kwenye egemeo la mgongo. Lakini kitanzi kimoja kikikatika, safu nzima hufumuka kushuka chini kama ngazi, na pete moja ya mgeni yatosha kuanzisha hilo. Kroshia humaliza karibu kila kitanzi kabla ya kuanza kingine, kwa hiyo hukatika bila kufumuka mbali, husimama yenyewe, na huweza kupanda kuelekea upande wowote na kutoa vinundu, mapembe, makombe na mifuko bila kukata uzi. Gharama yake ni uzi mwingi zaidi, takriban robo hadi theluthi ya ziada kwa eneo lile lile, na uzito unaolingana na hiyo. Kroshia ya kweli haifumwi na mashine za viwandani. Vyote vinavyouzwa chini ya jina hilo vilitoka mkononi mwa mtu au ni mwigo.

Mashine ya mkono, ile ile wanayoitumia mafundi wa masweta ya shule, isidharauliwe. Hutoa mita kadhaa za ufumaji sawasawa kwa siku moja, na kwa kazi ya kuwamba usawa huo ni faida kubwa, kwa sababu eneo lililofumwa kwa kulegea hubeba mzigo kidogo na kuuhamishia kwenye eneo lililokazwa. Pendekezo langu ni kikalio cha mashine kilichofumwa kwa nyuzi mbili pamoja, mgongo wa sindano mbili nene, na mikono ya kroshia, kwa kuwa mikono huguswa kwanza, huchakaa kwanza, na ndiyo inayohitaji umbo zaidi.

Nyuzi

Uzi wa sufu ndio wenye joto na uhai kuliko wote. Hurudi baada ya kuvutwa, haushiki moto kirahisi, na ukioshwa kwa maji moto na kusuguliwa hubanana ukawa kama blanketi nzito, jambo ambalo laweza kutumiwa makusudi kupata ngozi ya aina nyingine kwenye kiti kile kile. Lakini sufu nzuri ni ghali, wapo wanaowashwa nayo, na katika unyevu wa Tanga au Mombasa huvutia nondo na ukungu. Akriliki, ambayo ndiyo imejaa madukani kama uzi wa masweta, ni nafuu, ina rangi nyingi na hufulika bila shida. Kasoro zake ni kwamba hutoa vipele vidogo baada ya msuguano, na ikipata moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, hivyo haifai kabisa karibu na taa zenye joto. Pamba ni baridi na safi mguuni na mkononi, hustahimili kufuliwa mara nyingi, ila haina urejeo, na kikalio cha pamba kilichowambwa hubaki na umbo la mkaaji wa mwisho.

Uzi ninaoupendekeza kwa anayeanza ni vipande vya fulana za mitumba. Fulana hukatwa kwa mzunguko kuanzia pindo la chini kuelekea kwapani, utepe wa upana wa sentimita 2 au 3, kisha utepe huvutwa kwa nguvu mpaka ukajikunja wenyewe kuwa kamba ya mviringo. Kamba hiyo ni laini, ina nguvu, hufumwa haraka kwa sindano nene au kwa mikono mitupu, na haileti hasara kubwa ikiharibika. Kwa kiti cha watu wenye uoni hafifu ina faida nyingine: rangi nzito kama nyeusi na njano hupatikana kwa wingi, na tofauti kubwa ya rangi husaidia kuonyesha mahali mkono unapoanza na kikalio kinapoishia.

Mkonge na usumba vina nafasi yao, ingawa si kwenye kikalio. Mwenye kuvaa kaptula hatakaa mara ya pili kwenye kiti cha mkonge. Hata hivyo, kiti kilicho laini kila mahali huchosha hisia upesi, kwa hiyo ukanda wa kamba ya mkonge kwenye miguu au kwenye mgongo wa nje, pale ambapo mkono unapita bila kuegemea, humfanya mtu auhisi upya ulaini anaouacha na ule anaourudia.

Kwa kazi itakayowafikia watoto wadogo kuna mipaka isiyojadiliwa. Kitu chochote kinachoweza kung'oka na kupenya kwenye tundu la kipenyo cha takriban sentimita 3, kama vile shanga, kifungo au mbegu, kisiwekwe mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 3 atakifikia, na kitanzi au kamba isiwe ndefu kiasi cha kuzunguka shingo.

Kuitikia bila waya na kuitikia kwa waya

Wengi wakisikia sanaa inayoshirikisha mtazamaji hufikiri mara moja juu ya taa na spika. Kuna ngazi ya chini ambayo hairuhusiwi kurukwa. Njuga zilizoshonwa ndani ya nundu la kroshia hulia linapobanwa. Kamba inayovutwa upande mmoja na kuinua ulimi wa uzi upande mwingine humfundisha mtoto sababu na tokeo bila betri. Harufu nayo ni mwitikio: Ernesto Neto wa Brazili amejenga umaarufu kwa maumbo makubwa ya vitambaa vinavyovutika yaliyojazwa karafuu, manjano na bizari, ambayo mtazamaji huyanusa kabla hajayafikia. Kwa mtu wa Unguja au Pemba wazo hilo halihitaji maelezo. Mifuko ya karafuu iwekwe mahali ambapo mgongo unaibana, kwa sababu joto na mgandamizo wa mwili ndivyo vinavyoiamsha harufu. Manjano yafungwe kwenye kitambaa cha mikunjo miwili au yaachwe, kwani doa lake halitoki. Na wenye pumu waarifiwe kabla hawajakaa.

Panapohitajika umeme, uchaguzi uko kati ya mbinu tatu. Uzi wenye nyuzinyuzi za chuma cha pua, ukifumwa pamoja na uzi wa kawaida, hubadilisha ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, unapovutwa, kwa kuwa vitanzi hugusana zaidi au kidogo. Ufumaji wenyewe ndio unaokuwa kihisi, na bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu, kama Arduino, husoma mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa sauti au mwanga. Ni mbinu inayooana vizuri sana na kiti cha kuwambwa, lakini usomaji wake huhama kadiri ufumaji unavyolegea, hivyo programu inapaswa kupima upya hali ya kupumzika kila kiti kinapokuwa wazi. Uzi wa nailoni uliopakwa fedha hufanya kazi kwa njia nyingine: huhisi ukaribu wa mkono hata kabla haujabonyezwa, na hufaa zaidi kwenye kiti cha kuvishwa. Adui wake ni jasho na msuguano, ambavyo hula ule mpako mpaka sehemu zinazoguswa sana zikawa kiziwi. Mbinu ya tatu ni ile ya kamera inayotazama kwa nyuma, ambayo huacha uzi bila waya wowote na kuruhusu kila kitu kufuliwa, lakini inahitaji kompyuta, nafasi nyuma ya kiti, na mtu wa kuiwasha kila asubuhi.

Mwitikio uje mara moja na uwe mpole. Sauti inayochelewa hata sekunde moja humfanya mkaaji asijue ni mguso upi ulioileta, na mlio wa ghafla waweza kumfukuza mtoto mwenye usonji asirudi tena. Betri ya volti 5 ya kuchajia simu, iliyofungwa kwenye kisanduku chini ya kikalio, yatosha. Umeme wa ukutani usikaribie kiti ambacho watu hukikalia wakiwa na mikono yenye jasho.

Kipi kwa nani

Kwa shule au maktaba ya watoto, ningechagua kuvisha, kwa vipande vya fulana na akriliki, bila waya wowote katika mwaka wa kwanza. Walimu watajifunza ni sehemu zipi watoto wanazirudia, na sehemu hizo ndizo zitakazostahili vihisi baadaye. Uwezo wa kuvua na kufua una thamani kubwa hapo kuliko ubunifu wa kiunzi. Kwa wanafunzi wasioona, kiti kisimame mahali pamoja pasipohamishwa, na mwelekeo wa vitanzi virefu kwenye mikono uwe ule ule pande zote mbili, ukielekea mbele, ili mkono ujue upande wa kukalia bila kuuliza.

Kwa jumba la sanaa lenye wageni watu wazima na msimamizi chumbani, kuwamba kunafaa zaidi, kwa nailoni au mchanganyiko wenye nailoni, pamoja na kihisi kimoja cha uzi wa chuma na sauti ya chini. Hapo kikwazo kikubwa huwa ni desturi ya kutogusa, ambayo wageni huja nayo kutoka vyumba vingine. Bango linaloruhusu husaidia kidogo. Husaidia zaidi kiti kikiwekwa kikitazama kitu fulani, kwa mfano dirisha, ili mtu apate sababu ya kukaa, na kikianza kuchakaa kidogo kwenye mikono, kwa kuwa alama ya mikono iliyotangulia huwapa wengine ruhusa.

Kwa uwanja wa wazi, ni kugandisha au kuacha. Na kwa njia yoyote itakayochaguliwa, mikono ya kiti ifumwe jozi tatu tangu mwanzo, kwa uzi wa fungu moja la rangi, yaani uliotiwa rangi kwa pamoja, kwa sababu fungu hilo halitapatikana tena dukani jozi ya kwanza itakapokwisha.